Mwongozo kamili wa kuandika simulizi ya vipande: kutoka Facebook na WhatsApp hadi sauti na kitabu

Kila wiki kuna mtu anachukua riwaya aliyoiandika vizuri tu kwenye laptopu, anaikata kila yakifika maneno mia tano, anaimwaga Facebook, afu kipande cha nne kinapata laiki tatu na moja ni ya binamu yake. Hadithi yenyewe inaweza isiwe na shida kabisa, ila imekatwa na mtu ambaye hakuangalia inaenda kusomewa wapi, na nani, na kwa bando la aina gani.

Chombo ndo kinaamua hadithi ikatwe wapi, na hayo hayajaanza leo. Bibi akisema Paukwa anasubiri Pakawa, ikiitikiwa na mtoto mmoja tu anajua wengine washasinzia, anafupisha, sungura anashinda mapema watu wakalale. Kwenye magazeti pendwa ya Global Publishers kama Ijumaa, Uwazi na Risasi, hadithi za Eric Shigongo na wenzake zilikuwa zinakatwa nafasi ya ukurasa ikiisha, msomaji anasubiri toleo lijalo, kwa hiyo pale mwisho lazima mtu atekwe au afumaniwe au mlango ugongwe, maana wiki nzima ni ndefu na hela ya gazeti inaweza kuishia kwenye vocha. SMS ikaja na herufi zake 160, ukizidisha unalipia ya pili, hapo ndo tukapata xaxa na m2 na 2po na cjui. Sa hivi hakuna anayekuhesabia herufi, lakini Facebook inakunja maandishi na kuweka Ona zaidi, WhatsApp inaweka Soma zaidi, YouTube inataka mtu akae muda mrefu, na kila mmoja anaivuta hadithi upande wake.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuanza simulizi kwenye simu, aiposti kwa vipande, aiuze kidogo, aigeuze sauti na mwisho aifanye kitabu. Nimeweka kwa hatua ila hatua ya nne na ya saba ndo zimebeba mzigo, kama una haraka ruka uende huko.

HATUA YA 1: Amua hadithi inazaliwa wapi

Usianzie kote kwa mpigo. Chagua sehemu moja iwe nyumbani kwa hadithi, kwingine kote ni matawi.

Facebook ni nzuri kwa kutafuta wasomaji wapya, maana mtu asiyekujua anaweza kukutana na kipande chako kwa sababu rafiki yake kakomenti. Ubaya wake ni kwamba haijali mpangilio, kipande cha 12 kinaweza kumfikia mtu ambaye hajasoma hata cha kwanza. JamiiForums ni kinyume chake, uzi mmoja unabeba hadithi nzima kuanzia mwanzo, wasomaji wa kule wana subira na wanapenda riwaya za kijasusi na visa vya kweli vya maisha, lakini ukichelewa kuleta mwendelezo watakusema humo humo kwenye uzi mpaka ujute. WhatsApp ni kwa watu ambao washakukubali. Instagram maelezo ya picha yanaishia herufi 2,200, ambayo kwa hadithi ni kionjo tu, itumie kutangaza.

Ushauri wangu kwa anayeanza: hadithi izaliwe Facebook au JamiiForums, WhatsApp ifungue ukishapata watu wanaolalamika ukikaa siku mbili bila kuposti. Kufungua grupu la WhatsApp kabla ya hapo ni kuwabeba ndugu na majirani ambao wamejiunga kwa aibu.

HATUA YA 2: Jenga mifupa kabla ya kuposti hata neno moja

Mtunzi wa kitabu anaweza kurudi sura ya pili akaweka bastola kwenye kabati. Wewe huwezi, sura ya pili ishasomwa na watu, wengine wameshapiga na skrinshoti. Hii ni tofauti kubwa kuliko watu wanavyodhani na ndo sababu simulizi nyingi za mtandaoni zinaanza kwa kasi afu zinakwama kipande cha 20, mtunzi kajifungia milango yote mwenyewe.

Fanya hivi. Andika hadithi yote kwa ufupi, ukurasa mmoja, mpaka mwisho, pamoja na nani alifanya nini na kwa nini. Afu andika orodha ya siri: siri ni zipi, nani anaijua kila moja, na itafichuka kwenye kipande cha ngapi. Siri tano au sita zinatosha hadithi ya vipande 30. Baada ya hapo fungua daftari la wahusika, jina, umri, kazi, anaishi wapi, ana gari gani, kovu liko mkono upi, mama yake yuko hai au kafa. Usicheke hilo la kovu, kwenye komenti kuna dada mmoja kila hadithi ambaye anakumbuka kila kitu na atakuuliza mbele ya watu wote imekuwaje marehemu kapiga simu.

Ukimaliza hayo andika vipande kumi hivi na uvitunze. Ukianza kuposti hakikisha daima una akiba, maana umeme utakatika, utaugua, kazini watakubana, na msomaji wa vipande hasamehi ukimya.

HATUA YA 3: Panga simu yako iwe ofisi

Usiandike ndani ya kile kiboksi cha Facebook. Ikija simu, programu ikijifunga, kazi ya saa mbili imeenda. Tumia Google Docs, washa ile sehemu ya kutumia bila intaneti, faili moja kwa hadithi moja, kila kipande na kichwa chake. Faida nyingine ni kwamba Docs inatunza historia ya mabadiliko na tarehe zake, siku ukiibiwa hadithi utaikumbuka sentensi hii.

Kibodi ya Gboard ina Kiswahili, iongeze, na uzime ule urekebishaji wa maneno wa Kiingereza ambao unageuza "sana" kuwa "Sandra". Gboard inaandika kwa sauti pia, unaongea Kiswahili yenyewe inachapa, na hapa kuna siri nzuri: itumie kwenye mazungumzo ya wahusika. Ukichapa kwa vidole utaandika "Je, wewe unakwenda wapi usiku huu?" lakini ukiongea utasema "We unaenda wapi usiku wote huu?" na hivyo ndo watu wanavyogombana kweli. Maelezo na mandhari chapa kwa vidole, kwa sababu mdomo unapenda kuzunguka.

Zile programu za akili bandia, ChatGPT na wenzake, mimi siwakatazi watu, ila zitumie kwa kazi za karani. Ipe vipande 15 iulize ni wapi umebadilisha jina la mhusika au siku zimepishana, na jibu lake ulihakiki mwenyewe. Ukiipa kazi ya kuandika kipande kizima itakuletea Shabani "aliyejawa na hisia mchanganyiko" chini ya "anga lililotanda nyota", na mtu wa Temeke anajua saa hiyo hiyo kwamba hapo hakuna binadamu aliyepita.

HATUA YA 4: Kipande chenyewe, kuanzia mstari wa kwanza mpaka pa kukatia

Tuchukue mfano. Shabani ni dereva wa bodaboda, kapewa mzigo Kariakoo aupeleke Mbagala Rangi Tatu, kaambiwa ndani ni vitenge na asifungue. Watunzi wengi wangeanza hivi:

"Ilikuwa ni siku ya Jumatatu asubuhi, jua lilikuwa limechomoza vizuri na ndege walikuwa wakiimba. Shabani aliamka kitandani, akapiga mswaki, akavaa nguo zake na kunywa chai na vitumbua..."

Hapo ndo Facebook imeshakunja, mtu kaona vitumbua, kapita zake. Msomaji wa kitabu kashalipa, atakuvumilia kurasa mbili. Msomaji wa Facebook yuko kwenye kiti cha daladala na kidole kiko juu ya skrini. Kwa hiyo tukio lije mbele:

"Mzigo ulianza kuita, Shabani akiwa kwenye foleni ya Mtongani. Simu yake mwenyewe ilikuwa mfukoni, imezima chaji tangu asubuhi. Aliyempa ule mzigo alimwambia ni vitenge tu, peleka Rangi Tatu, usifungue."

Sentensi tatu, zinaingia zote kabla ya Ona zaidi, na mtu ana swali tayari. Vitumbua vitakuja baadaye kama vina kazi.

Sasa kuhusu ILIPOISHIA na SASA ENDELEA. Hii desturi tumeirithi kwenye magazeti, na kule ilikuwa na maana kwa sababu mtu amekaa wiki nzima. Ukiiweka juu kabisa kwenye Facebook inakula ile nafasi yote inayoonekana kabla ya kukunjwa, yaani unamwonyesha msomaji kitu alichokwisha kusoma jana na kipya umekificha. Weka mstari mpya wenye moto juu, kisha chini yake ndo mistari miwili ya ILIPOISHIA, afu endelea. Kwenye WhatsApp ambako watu wanalimbikiza vipande na kusoma vitatu kwa pamoja, ifute kabisa, inakera. JamiiForums pia haihitajiki, uzi wenyewe uko pale juu.

Kichwa cha kila kipande kiwe na jina la simulizi, namba ya sehemu na jina la mtunzi, kila siku kwa mpangilio ule ule. Namba ni muhimu kuliko unavyofikiri, watu wanatafuta kwa kuandika jina na "sehemu ya 14", ukiandika mara "part 14" mara "SEH 14" wanapotea. Linki ya kipande kilichopita iweke kwenye komenti ya kwanza.

Urefu: Facebook maneno 600 hadi 900, WhatsApp punguza mpaka 400 au 600. Aya ziwe fupi, mistari mitatu minne ya simu, kwa sababu aya ya kitabu ikiingia kwenye skrini ndogo inakuwa ukuta. Ila usiende upande wa pili ukaweka kila sentensi mstari wake kama tangazo la dawa ya nguvu za kiume, ile inachosha, na pale unapotaka kweli sentensi moja isimame peke yake inakuwa haina nguvu tena.

Na uachane na xaxa. Najua kuna wanaoandika hivyo mpaka leo kwa mazoea, ila kuna watu simu zao zinawasomea maandishi kwa sauti, na ile mashine ikifika kwenye "2xipo2mia" inachanganyikiwa kabisa.

Kukata sasa. Lengo ni kumwachia mtu arosto, yaani ile hamu ya kujua kinachofuata, lakini arosto zipo za aina nyingi na watunzi wengi wanajua moja tu, ya bastola imeelekezwa usoni. Unaweza kukata mtu akiwa na uamuzi mbele yake, Shabani kaegesha pikipiki, kisu cha kukatia kamba anacho, afungue au apeleke? Unaweza kukata kwa habari ndogo inayobadilisha vyote vilivyopita, kapokea ile simu na anayeongea ni mke wake. Unaweza kukata kwa mtu kufika mahali ambapo hakutakiwa kufika. Na unaweza kukata kwa utulivu kabisa, sentensi ya kawaida ambayo msomaji anajua uzito wake na mhusika hajui: "Mama, naomba chai, leo nimechoka," wakati sisi tunajua chai ina nini.

Changanya. Vipande vitatu mfululizo vikiishia kwenye bastola, cha nne msomaji anakuwa sugu, anajua kabisa kesho bastola haitalia au itampata mtu wa pembeni. Na kitu kimoja usifanye kamwe, kukata mtu akiwa anakufa afu kesho kumbe alikuwa anaota. Kwenye kitabu mtu atafunua ukurasa na kusahau, kwenye vipande mtu kakaa na hilo jambo usiku mzima, kaamka nalo, kaongea na wenzake kwenye grupu, ukimwambia ilikuwa ndoto umemdhulumu saa ishirini na nne zake.

HATUA YA 5: Posti, kisha kaa na wasomaji

Chagua siku na saa na uzishike. Jioni baada ya kazi panafaa kwa wengi, usiku wa saa tatu kwa wale wa simulizi za kutisha. Kipande kimoja kwa siku ni kingi kwa mtu mwenye ajira, vitatu kwa wiki ni sawa.

Komenti zikianza kuja, "next", "arosto mkuu", "mtunzi unatuua", zijibu. Hii ndo Pakawa yako, na kuna kitu unaweza kujifunza humo ambacho mtunzi wa gazeti alikuwa anakisubiri kwa barua. Wakimpenda mhusika mdogo, yule muuza kahawa wa kijiweni ambaye ulimweka kwa sentensi mbili, mwongeze, hakuna ubaya. Wakichanganya wahusika wawili ujue majina yamefanana, rekebisha kwa kumpa mmoja cheo au lakabu.

Lakini msomaji akibahatisha muuaji ni nani kwenye kipande cha tisa, usibadilishe. Watunzi wengi wanapaniki hapa, wanahamisha mauaji kwa mtu mwingine ili waonekane wajanja, na hadithi inavunjika maana dalili zote ulizopanda zilikuwa zinaelekea kwa yule wa kwanza. Mmoja akibahatisha ujue umepanda dalili vizuri. Mjibu tu "tusubiri tuone" ukae kimya.

Halafu watakuja wanaotaka uchombeze. Kipande chenye kitanda kinapata laiki mara mbili, utashawishika. Amua mapema kama unaandika chombezo au hauandiki, maana ukianza katikati huwezi kurudi, wasomaji wako wa mwanzo wanaondoka kimya kimya na waliobaki wanataka kitanda kila kipande, na Facebook yenyewe inaweza kufuta posti au kufungia ukurasa.

HATUA YA 6: Kuuza kwenye WhatsApp bila kuibiwa sana

Una njia tatu. Grupu linabeba watu mpaka 1,024, kila mtu anaona namba ya mwenzake, dada zetu wengi hawalipendi kwa sababu ya wale wanaoingia inboksi bila hodi. Ukifungua grupu lifunge, maadimini tu ndo waandike, afu siku moja kwa wiki unafungua watu waongee. Orodha ya matangazo inaishia watu 256 na inamfikia tu aliyehifadhi namba yako, ni nzuri kwa wateja wanaolipa maana kila mtu anaona kama umemtumia yeye. Chaneli, zilizokuja 2023, hazina kikomo cha watu na namba hazionekani, ila watu hawaongei humo kama kwenye grupu, wengi wanaishia kuweka emoji, kwa hiyo hadithi inarudi kuwa kama gazeti.

Malipo yapo rahisi, lipa namba au M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas, Halopesa. Shida iko kwenye kitu unachouza. Wengi wanaposti mpaka kipande cha 15 afu wanasema full ni buku mbili njoo inboksi, wanatuma PDF ya hadithi nzima, jioni hiyo hiyo PDF iko kwenye magrupu matano. WhatsApp imeweka kikomo cha kusambaza kwa watu au magrupu matano kwa mara moja tangu 2019, lakini hiyo inapunguza mwendo tu, haizuii.

Kinachofanya kazi zaidi ni kuuza muda. Anayelipa anapata vipande vitano mbele ya wale wa bure, kila wiki. Akivivujisha, wiki ijayo vimeshakuwa vya bure, hajakuua. Na malipo yanakuwa jero jero ya kila wiki ambayo mtu anaitoa bila kuwaza. PDF nzima iuze mwisho kabisa, na kila nakala andika jina la mnunuzi chini ya kurasa, watu wana aibu kusambaza kitu chenye jina lao. Hiyo PDF usiitengeneze kwa ukubwa wa A4, kwenye simu mtu anavuta na kusukuma kama anatafuta mtaa kwenye ramani. Tumia A5 au A6, fonti saizi ya 14 kwenda juu, pambizo nyembamba.

Wezi wa kufuta jina la mtunzi na kuweka lao hawaishi. Jina lako lifiche ndani ya hadithi, duka la dawa liitwe kwa jina lako, konda aitwe kwa lakabu yako, mwizi wa kukopi na kupesti hasomi, atalibeba. Kisheria kwa Tanzania haki ni yako tangu ulipoandika, sheria ya hakimiliki ya 1999 inakulinda maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa, ila kuisajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kunakupa karatasi ya kuonyesha siku ya ugomvi. Kenya kazi hiyo iko kwa KECOBO.

HATUA YA 7: Kuigeuza sauti (hapa usisome tu ulichoandika)

Sikio na jicho havisomi sawa. Jicho likipotea linarudi juu mstari mmoja, sikio halirudi, hasa la mtu anayekaanga chapati au anayeendesha gari. Ule mwanzo wetu wa Mtongani ambao kwenye Facebook ulikuwa mzuri, kwenye sauti unamwacha mtu nyuma, anasikia "mzigo ulianza kuita" na bado hajui yuko wapi. Kwa sikio weka mahali kwanza, kisha mtu, kisha tukio:

"Shabani alikuwa kwenye foleni pale Mtongani. Pikipiki inanguruma, mzigo kaufunga nyuma. Mara akasikia simu inaita. Akagusa mfuko. Simu yake imezima, haina chaji tangu asubuhi. Ile simu ikazidi kuita. Akageuka. Inaita ndani ya mzigo."

Umeona? Habari ile ile, ila mshtuko umehamia mwisho, maana kwenye sauti hakuna kitu kinachokunja maandishi, kuna pumzi yako na unaweza kumsubirisha mtu. Na ile "ka" ya akasikia, akagusa, akageuka, ambayo kwenye maandishi ikizidi inachosha, kwenye sauti ndo inamshika mkono msikilizaji, bibi zetu wote walisimulia nayo.

Tatizo kubwa la Kiswahili kwenye sauti ni hili: "a" yetu haisemi ni mwanaume au mwanamke wala ni yupi kati ya wawili. Sikiliza hii: "Shabani alimfuata Mudi, akamshika mkono, akamwambia amemdanganya, akamsukuma, akaanguka." Kaanguka nani? Kwenye maandishi msomaji anapiga hesabu, kwenye sauti kashapotea na hadithi inaendelea bila yeye. Pitia kipande chote, kila walipo watu wawili rudisha jina, au kazi ya mtu, au ukoo: "Mudi akaanguka", "yule mjomba akaanguka". Itaonekana kama unarudia sana ukiisoma kwa macho, ukiisikiliza ni sawasawa.

Majina yenyewe yasifanane kwa sauti. Juma, Jumanne na Jamila kwenye hadithi moja ya sauti ni balaa. Waliotunga Twende na Wakati ya Radio Tanzania mwaka 1993, mchezo uliokuwa unarushwa mara mbili kwa wiki kuelimisha watu juu ya uzazi wa mpango na UKIMWI, dereva wao wa lori walimwita Mkwaju, ukilisikia mara moja halikutoki. (Dodoma hawakuusikia mchezo huo miaka miwili ya mwanzo, watafiti waliuacha mkoa huo makusudi ili walinganishe na kwingine ulikosikika, yaani kuna watu walinyimwa arosto kwa ajili ya sayansi.)

Pumzi nayo ina sheria zake. Watunzi wa tendi waliipanga tangu zamani, kila kipande mizani nane, msomaji anaghani beti mia bila kukata roho. Sisi hatuandiki tenzi lakini soma kipande chako kwa sauti kabla ya kurekodi, pale unapokosa hewa sentensi ikate. Mazungumzo nayo, weka nani anaongea kabla hajaongea: "Mama mkwe akadakia," afu ndo maneno yake. Kwenye maandishi unaweza kuweka mwishoni, kwenye sauti msikilizaji ataisikia sentensi nzima kwa sauti ya mtu asiye sahihi.

Kurekodi hakuhitaji studio. Maiki ya kubana kwenye kola, chumba chenye nguo na magodoro, feni izimwe, simu iwe kwenye hali ya ndege, saa nane usiku jogoo hajaanza. Maneno elfu moja yatakupa kama dakika nane hadi kumi kwa mwendo wa kusimulia. Kumbuka hiyo hesabu kwa sababu YouTube inaruhusu matangazo katikati ya video ikifika dakika nane, ndo maana simulizi za sauti zimejaa watu wanaotembea polepole na wanaopiga miayo, mtunzi anavuta dakika. Badala ya kuvuta, unganisha vipande viwili vya Facebook viwe kipande kimoja cha sauti, ule mkato wa katikati utakuwa mshtuko mdogo tu, na mkato wa pili ndo uwe wa kuagana.

Ili ulipwe na YouTube kwa matangazo unatakiwa kuwa na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Simulizi zinafika kwenye zile saa haraka kuliko vichekesho vya dakika moja, mtu anawasha anapika nayo mpaka mwisho. Kwa Tanzania kuna kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2020, zilizochukua nafasi ya zile za 2018 na zimerekebishwa tangu hapo, kabla hujaanza kufanya biashara pitia tovuti ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, uone kama unachofanya kinahitaji leseni.

HATUA YA 8: Kuifanya kitabu

Vipande 30 ukivibandika pamoja hupati kitabu, unapata vipande 30 vilivyobandikwa. Soma yote kwa siku mbili mfululizo kama mtu aliyenunua, utaona mambo matatu.

La kwanza, marudio. Kwenye vipande ulikuwa unamkumbusha msomaji kila mara kwamba Mudi ndo yule rafiki wa utotoni mwenye kovu, kwenye kitabu inatosha mara moja na nusu. La pili, mikato. Arosto kila baada ya kurasa tatu inachosha kitabuni, kati ya mikato 30 chagua kama kumi iwe mwisho wa sura, iliyobaki iunganishe, futa ule mshtuko wa uongo mtu apite bila kujua hapo palikuwa na mpaka. La tatu, hewa. Sasa unaweza kuweka ile asubuhi ya vitumbua, kama inatuonyesha mama yake Shabani alikuwa anamdai nini, maana msomaji wa kitabu amekaa chini na ana muda nawe.

Makosa yote ya kovu na siku yarekebishe hapa, ukiwa na daftari la hatua ya pili na zile komenti za yule dada. Mpe mhariri wa kulipwa, hata kama ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari ya jirani.

ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, kwa Tanzania inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba. Kama hujaridhika kuchapa kwa hela yako, kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na kuna ile ya Safal-Cornell ambayo zamani ilikuwa Mabati-Cornell, ipo tangu 2014 na inapokea miswada kutoka nje ya Tanzania pia. Soma masharti ya mwaka huo kwa makini kabla ya kuposti kipande kipya popote, angalia hasa wanasemaje kuhusu kazi iliyokwisha kutoka mtandaoni, maana hapo ndo mtu wa vipande anaweza kujikwaa.

Kitabu kikishatoka, posti za zamani usizifute zote. Vipande vitano vya mwanzo viache pale pale Facebook na komenti zake, bei na namba ya kuagizia iweke kwenye komenti ya kwanza ya kila kimoja, kuna mtu ataanza kusoma leo saa tano usiku na kipande cha sita atakitafuta kwa hasira.